Mistari ya Chumba Namba Nne

Kutoka chumba namba nne hadi chumba namba sita palikuwa na hatua kumi na tisa. Chapa alizijua vizuri kwa sababu alizitembea kila siku ya kazi, kwenda na kurudi, karatasi mkononi. Chumba namba tano, kilichokuwa katikati, kilikuwa choo cha wakubwa na hakikumhusu.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye barua ya ajira na mahali pengine pachache. Ofisini aliitwa Chapa tangu ujana, enzi alipopiga taipu kwa vidole vyote kumi bila kutazama chini, na mtu mwenye barua ya haraka akiambiwa, "Mpelekee Chapa, atakuchapia sasa hivi." Sasa alikuwa na miaka hamsini na sita, mwembamba, kalamu nne mfukoni mwa shati, na nywele zilizokuwa zikirudi nyuma kidogo kidogo, kama wafanyakazi wanaotoroka kazini kabla ya saa.

Idara yenyewe ilihusika na usajili wa vizazi na vifo. Ukizaliwa unaandikwa humo, ukifa unaandikwa humo, na katikati unakuja mara kwa mara kuomba cheti na kuambiwa urudi wiki ijayo.

Chumba namba nne kilikuwa na kompyuta kuukuu yenye kisogo kirefu, na ndani yake mlikuwa na watu sitini na moja elfu. Chapa ndiye aliyewaingiza, mmoja mmoja, miaka ile vidole vyake vilipokuwa vyepesi, akinakili kutoka kwenye madaftari makubwa yaliyokwisha kuanza kuliwa na mchwa. Chumba namba sita kilikuwa na kompyuta mpya, nyembamba kama sinia, na hiyo ndiyo pekee iliyoweza kutoa cheti kipya, kile kinachokubalika kila mahali. Kwa hiyo watu walikuwa chumba kimoja na vyeti vyao chumba kingine, kama wachumba waliokatazwa kuonana.

Mtu yeyote mwenye akili timamu angevuta waya kutoka kompyuta moja hadi nyingine, wapite kwa siku moja, mambo yaishe. Lakini Idara ilikuwa na Afisa Usalama.

Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye funguo nyingi kiunoni kuliko milango iliyokuwapo. Zamani kidogo, mfanyakazi mmoja alichomeka flashi yenye picha za harusi ya shemeji yake, na virusi vilivyotoka humo vikala kazi ya siku tatu. Afisa Usalama hakusubiri kikao. Alinunua gundi na kuziba kwa mkono wake matundu yote ya kompyuta zote mbili, akabakiza la kibodi, la kipanya na la printa. Kisha akatoa waraka: ni marufuku kuunganisha na kompyuta ya Idara kifaa chochote chenye uwezo wa kubeba taarifa.

"Na waya, bosi?" Chapa alimuuliza.

"Waya unabeba taarifa au haubebi?"

"Unapitisha tu."

"Basi umejijibu mwenyewe, Mzee Chapa."

"Sasa hawa watu watavukaje?"

"Kwa karatasi. Karatasi haijawahi kumwambukiza mtu virusi."

Ndivyo safari ya hatua kumi na tisa ilivyoanza. Chapa alichapisha majina chumba namba nne, akapeleka karatasi kwa Afisa Usalama igongwe muhuri, maana hakuna karatasi iliyoruhusiwa kuvuka mlango bila muhuri, kisha akaenda chumba namba sita, akaketi, akaanza kuwaandika upya watu wale wale aliowaandika alipokuwa kijana. Alijitahidi akafikisha thelathini kwa siku. Mkewe, mwalimu wa hesabu, alimpigia hesabu pembeni mwa daftari la mwanafunzi.

"Miaka minane na ushee," alisema.

"Mimi nimebakiza minne nistaafu."

"Basi nusu yetu tutabaki chumba namba nne," mkewe alijibu, akaendelea kusahihisha.

Na si kwamba thelathini hao walivuka salama. Macho ya Chapa hayakuwa yale ya zamani. Siku moja alimwandika mchungaji mmoja kuwa ni mwanamke, na siku nyingine akampa bibi kizee mmoja tarehe ya kuzaliwa ya bintiye. Mchungaji alikuja juu kweli kweli. Bibi kizee hakulalamika.

Miongoni mwa waliosubiri alikuwapo fundi cherehani mmoja, mwanamke mnene mchangamfu, ambaye shingoni hakukosa kamba ya kupimia. Alikuja kila Jumanne kwa kuwa siku hiyo kibanda chake hakikuwa na wateja, na ofisi nzima ikamwita Mama Jumanne ingawa hakuwa na mtoto wa jina hilo. Mtoto wake alikuwa binti mmoja tu, aliyeolewa nchi ya mbali na kujifungulia huko. Mama Jumanne alitaka pasi ya kusafiria ili akamwone mjukuu. Pasi ilitaka cheti kipya.

"Kaka, hivi mimi nipo au sipo?" alimuuliza Chapa dirishani.

"Upo, dada. Nimekuona kwa macho yangu. Uko chumba namba nne."

"Basi nipe cheti changu niondoke."

"Cheti kinatoka chumba namba sita."

"Si unihamishie huko?"

"Wewe ni wa arobaini na nane elfu na kitu. Mimi ndiyo kwanza nimefika kumi na moja elfu."

Kuruka namba kulihitaji kibali cha Mkurugenzi. Kibali cha Mkurugenzi kilihitaji nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, na kiwe kile kipya. Chapa alimweleza hayo huku akitazama kaunta. Mama Jumanne alipoanza kuja, mjukuu alikuwa hajajua kugeuka kifudifudi. Sasa alikuwa anasimama kwa kushika kiti. Kila wiki alimwonyesha Chapa picha mpya kwenye simu, bila ukali wowote, na hilo ndilo lililomuuma Chapa zaidi. Angetukanwa angejisikia vizuri.

Jumamosi moja Chapa alikwenda kununua nyembe kwenye supamaketi ambayo binti yake mkubwa alikuwa keshia. Akapanga foleni kwa binti yake. Mkono wa binti ulikuwa ukipitisha bidhaa juu ya kioo, pii, pii, pii, naye anaongea na mteja mambo mengine kabisa. Mfuko mmoja wa maharage ukagoma. Binti akauinua, akasoma namba zilizo chini ya mistari, akaziandika kwa vidole, na maharage yakatokea kwenye kioo cha kompyuta kama yalivyotokea mengine.

Chapa alipofika mbele akasahau hata salamu.

"Hiyo mistari inafanya nini hasa?"

"Ni namba tu, Baba, ila zimevaa nguo nyingine. Mashine inazisoma badala yangu. Ningeweza kuziandika zote kwa mkono, ila foleni ingefika barabarani."

"Na kompyuta inajuaje kama ameandika mashine au umeandika wewe?"

"Haijui. Kwake yote ni kuandika."

"Haijui kabisa?"

"Baba, kuna watu nyuma yako."

Chapa akasogea pembeni, nyembe mkononi, akasimama karibu na mlango huku watu wakimpita na mifuko yao. Sitini na moja elfu wakivaa nguo nyingine. Karatasi, ndiyo, karatasi ile ile, lakini isisomwe na macho yake mabovu. Alifika nyumbani ndipo akagundua kwamba nyembe hakuzilipia, ikabidi arudi kujieleza.

Jumatatu aliteremka ghorofa ya chini kabisa, mahali alipokaa fundi wa kompyuta wa Idara. Huyu alikuwa mwanamke mkimya aliyezungukwa na printa zilizokufa, na watu walimkumbuka karatasi ilipokwama tu. Alimsikiliza Chapa mpaka mwisho, na hilo peke yake lilikuwa jambo geni kwenye jengo lile.

"Si namba tu," alisema. "Hata herufi zinaweza kuandikwa kwa mistari. Msimbopau, ndiyo jina lake. Mnene, mwembamba, nafasi, mnene, hiyo ni A. Tunaweza kumgawa mtu mmoja mistari mitatu: jina kwanza, halafu tarehe na wazazi, halafu namba ya usajili."

"Na ikisomwa vibaya? Mimi nina kesi ya mchungaji."

"Mwisho wa kila mstari tunaweka alama ya kujikagua. Ikiwa kuna kitu hakijakaa sawa, skana inakataa. Inanyamaza tu, haiandiki uongo."

Chapa alilitafakari hilo. Kitu ndani ya Idara ambacho kisipojua kinanyamaza! Aliona hayo tayari ni maendeleo makubwa.

Fundi aliandika programu kwa kalamu kwenye karatasi mbili, maana haikuwapo njia nyingine ya kuiingiza chumba namba nne, na Chapa akaipiga kwenye kompyuta kuukuu herufi kwa herufi, kwa vidole kumi, bila kutazama chini. Skana ilipatikana kwenye kabati. Ilinunuliwa siku nyingi kwa ajili ya kuhesabu viti vya Idara, kazi ambayo ilizinduliwa rasmi na haikuanza.

Kikabaki kizingiti cha Afisa Usalama. Aliishika skana kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa panya.

"Hiki ni kifaa."

"Ni kibodi, bosi," alisema Chapa.

"Herufi ziko wapi?"

"Ziko kwenye karatasi."

Fundi, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, aliichukua, akaenda chumba namba sita, akachomoa kibodi na kuichomeka skana kwenye tundu lile lile. Kompyuta ikafikiri kidogo, kisha ikaandika kwamba kibodi imeunganishwa.

"Nani kasema hivyo?" Afisa Usalama aliuliza.

"Kompyuta."

Afisa Usalama aliheshimu maandishi. Aliyasoma mara mbili, akauliza kama kitu hicho kina kumbukumbu, akajibiwa kwamba hakikumbuki hata kilichosoma dakika iliyopita, akaona kinafaa kazi ya serikali. Kwenye kibali aliandika: "Kibodi moja, ya umbo la bastola, isiyo na herufi." Kisha akainua kidole. "Lakini karatasi lazima zigongwe muhuri."

Karatasi ya kwanza ilikuwa na watu wanane, mistari ishirini na minne, myeusi, iliyonyooka. Chapa aliipeleka kwa mikono miwili. Afisa Usalama akaufunua muhuri wa zambarau, akaupumulia, akaugonga katikati kabisa kwa nguvu zake zote, na juu yake akaweka sahihi yenye mkia mrefu uliowapitia watu wote wanane.

Skana ilinyamaza. Chapa akajaribu tena kwa kuinamisha, akajaribu kwa kuomba. Kimya.

"Umeniharibia, bosi."

"Nimekuhalalishia."

Ubishi huo ulichukua wiki mbili. Karatasi iliyogongwa muhuri haikusomeka. Isiyogongwa haikuruhusiwa kuvuka mlango. Chapa aliomba muhuri ugongwe chini, penye weupe. Afisa Usalama akasema muhuri haugongwi hewani, lazima uthibitishe maandishi fulani. Mwishowe Chapa alirudi chumba namba nne na kuongeza, chini ya kila ukurasa, sentensi moja: "Mistari iliyo hapo juu ni mistari." Afisa Usalama aliisoma taratibu, hakuona uongo ndani yake, akaigonga muhuri.

Saa nne na robo asubuhi, chumba namba sita, skana ikalia pii. Jina la mtu likajitokeza kwenye kioo, zima, bila kosa, kama mtu aliyefungua mlango na kusema hodi nimefika. Pii, na tarehe na wazazi wake. Pii, na namba yake. Chapa alishika meza. Aliita, hakuna aliyekuja, kwa hiyo akafurahi peke yake. Siku ile alivusha watu mia mbili na kumi. Vidole havikumuuma, na hakuna mchungaji aliyebadilika kuwa chochote.

Habari haikukaa. Ilipanda ngazi ikafika kwa Mkurugenzi, bwana mpana aliyekuwa na tabia ya kuingia chumbani akiwa tayari anazungumza.

"...na huu mradi wangu wa mistari," aliingia akisema, "wizarani wameusikia. Wageni wanakuja Jumanne ijayo. Ila nimeona hizi karatasi. Mbona zimekaa kama msiba? Nyeusi, nyeusi, nyeusi. Idara ina rangi zake. Wekeni njano na kijani kibichi kile chepesi."

"Mkurugenzi, skana inatafuta cheusi juu ya cheupe," alisema Fundi. "Njano haiioni."

"Basi ifundishwe," Mkurugenzi alisema, akatoka akiwa bado anazungumza.

Chapa alipoambiwa kwamba kwa ajili ya maonyesho anaweza kuchagua mtu yeyote, bila kufuata namba, hakufikiri mara mbili. Akamchagua Mama Jumanne. Alichapisha mistari yake mitatu kwa njano na kijani kama alivyoagizwa, na kwa kuwa alikuwa mtu mzima, akachapisha nyingine nyeusi, ikagongwa muhuri chini, akaikunja na kuitia mfukoni nyuma ya kalamu.

Wageni walikuwa watano, wenye suti. Chumba namba sita kilifagiliwa, kikawekewa kitambaa mezani, na pembeni mwa kompyuta pakawekwa chupa ya maji ya moto, vikombe, sukari na pakiti mpya ya majani ya chai. Mkurugenzi alitoa hotuba. Kisha akaikamata skana kama mtu anayefungua mbio za riadha, akailenga karatasi ya njano na kijani.

Kimya.

Akailenga tena. Mgeni mmoja akakohoa. Mkurugenzi, akiendelea kutabasamu, aliutikisa mkono, akaizungusha skana huku na huku kutafuta pembe nzuri, na mwanga mwekundu ukapita mezani, juu ya vikombe, ukaangukia ubavu wa pakiti ya majani ya chai.

Pii!

Makofi yalipigwa. Kwenye kioo, mahali pa jina, zikasimama tarakimu kumi na tatu, na kompyuta, ambayo haikuwahi kuambiwa kwamba binadamu haitwi hivyo, ikashuka yenyewe kusubiri tarehe ya kuzaliwa. Chapa hakuwa na muda wa kufikiri. Alitelezesha karatasi yake nyeusi juu ya ile ya rangi, na Mkurugenzi, ambaye sasa alikuwa moto, akapiga mistari miwili iliyobaki. Pii: tarehe na wazazi. Pii: namba ya usajili. Kompyuta ikashukuru na kuhifadhi.

"Na hilo jina?" aliuliza mgeni mkubwa, akiinama. "Naona tarakimu tupu."

Mkurugenzi alitazama tarakimu. Tarakimu zilimtazama.

"Jina limefichwa," alisema, "kwa sababu za usalama."

Afisa Usalama, aliyekuwa mlangoni, aliitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyelipanga jambo hilo mwenyewe. Wageni waliandika kwenye daftari zao. Kisha wakanywa chai.

Mama Jumanne alifika saa sita, safari hii kwa kuitwa. Chapa alitoka nyuma ya dirisha akamkalisha kwenye benchi, jambo ambalo hufanywa kwa waliofiwa.

"Kaka, unanitisha. Nimevuka?"

"Umevuka nusu. Wazazi wako wamevuka, siku yako ya kuzaliwa imevuka, namba yako imevuka. Jina ndilo halikuvuka."

"Sasa pale pameandikwa nani?"

"Kwa sasa, dada, pameandikwa majani ya chai."

Mama Jumanne alimkodolea macho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Chapa alidhani analia, kumbe anacheka, akacheka mpaka kamba ya kupimia ikamwanguka shingoni. Lakini alipofuta macho aliuliza kwa sauti ndogo, "Utalifuta, si ndiyo?"

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Mfumo haukuruhusu kumfuta mtu aliyekwisha kusajiliwa, kwa sababu serikali haimfuti mwananchi wake hivi hivi. Wala haukukubali mtu wa pili kwenye namba ile. Njia ilikuwa moja: aliyeishika namba afe. Akishakufa kihalali, anahamishiwa kwenye jalada la vifo, na namba inabaki wazi.

Basi Chapa alichukua fomu ya kifo. Alikuwa amezijaza maelfu, na uso wake ulijua jinsi ya kukaa. Jina la marehemu: tarakimu kumi na tatu. Tarehe ya kuzaliwa: ile ya Mama Jumanne. Wazazi: wale wale. Kazi ya marehemu: akaandika "huduma kwa wageni". Sababu ya kifo: maji ya moto. Sehemu ya ndugu wa karibu alisita, kisha akamgeuzia Mama Jumanne fomu.

"Mna wazazi wale wale na mlizaliwa siku moja. Kisheria wewe ni pacha wake. Weka sahihi hapa."

"Pole yangu mimi," alisema Mama Jumanne, akatia sahihi.

Afisa Usalama ndiye aliyekuwa shahidi wa Idara kwa vifo vyote. Aliisoma fomu tangu mwanzo hadi mwisho, kalamu hewani.

"Siwezi kushuhudia kifo ambacho sikukiona. Mwili uko wapi?"

Chapa akaweka mezani pakiti tupu, aliyoitoa kwenye ndoo ya taka, ubavu wenye mistari ukiwa juu. Afisa Usalama alilinganisha tarakimu za pakiti na tarakimu za fomu, moja baada ya nyingine, kwa kidole.

"Zinalingana," alisema. "Na vilivyokuwa ndani?"

"Bosi, wewe ulikunywa vikombe vitatu."

Afisa Usalama aliitazama tena pakiti tupu. Hakuwa mtu wa kusema uongo, hilo lazima asifiwe. Mwishowe alitia sahihi, na kwenye nafasi ya maelezo ya shahidi akaandika: "Nilikuwepo."

Saa tisa na nusu Chapa aliweka karatasi nyeusi mezani na kupiga mistari yote mitatu kwa mkono wake, bila mgeni, bila hotuba. Cheti kikatoka kwenye printa kikiwa na joto. Mama Jumanne alikishika kwa kingo. Alisoma jina lake kwa sauti, lote, pamoja na la baba na la babu, akakisoma tena kimya. Chapa alijifanya anapanga kalamu.

"Mjukuu alianza kutembea jana," alisema Mama Jumanne. "Hatua tatu, kisha anakaa."

Miezi miwili baadaye simu ya Chapa ilipokea picha ya Mama Jumanne kwenye kochi la watu, koti kubwa limemmeza, na mtoto mapajani akitafuna kamba ya kupimia. Chapa alimwonyesha mkewe, alimwonyesha binti yake, na alimwonyesha hata Fundi, ambaye alitabasamu. Printa zilizokufa ndizo zilizoshuhudia.

Mkurugenzi alipata tuzo ya ubunifu, ya kioo, yenye rangi ya njano na kijani chepesi. Kwenye hotuba ya shukrani aliwashukuru wote walioshiriki, akamtaja Afisa Usalama kwa wazo la kuficha majina. Chapa na Fundi walipewa kalamu moja moja.

Kazi iliendelea miezi minane. Pii, pii, pii. Chapa alizoea kuwasalimu kichwani wanapovuka: watu aliosoma nao, jirani, walimu wake, mwanamke mmoja ambaye Chapa nusura amuoe. Siku mtu wa mwisho alipovuka, kichanga fulani ambaye sasa bila shaka alikuwa na ndevu, Chapa aliinamisha kichwa juu ya meza kwa dakika nzima. Kisha akachomoa skana na kuirudisha kibodi mahali pake.

Wiki ile ile Afisa Usalama alihudhuria semina. Alirudi uso umemshuka. Huko walikuwa wamemweleza, kwa picha na mifano, kwamba karatasi yenye mistari inabeba taarifa kama flashi inavyobeba, na kwamba kwa miezi minane, mbele ya macho yake na kwa muhuri wake, data zote za Idara zilikuwa zikitembea kwenye korido. Hakulala siku mbili. Siku ya tatu alimrudisha nyumbani mhasibu kwa kuvaa shati la mistari. Siku ya nne akatoa waraka: kuanzia sasa ni marufuku karatasi ya aina yoyote, iwe imeandikwa au haijaandikwa, kuvuka mlango wa chumba kimoja kwenda kingine. Akauchapisha, akaugonga muhuri, akamletea Chapa chumba namba nne.

"Mzee Chapa, hii ni nakala ya chumba namba sita. Wapelekee waisome na waizingatie mara moja."

"Sawa, bosi."

Chapa aliupokea kwa mikono miwili. Alikuwa ametumikia Idara miaka thelathini na moja bila kuvunja agizo hata moja. Alitembea mpaka mlangoni, akasimama kwenye kizingiti, akausoma waraka kwa utulivu toka juu hadi chini, akausoma tena mara ya pili ili asije akasema hakuelewa. Kisha akageuka, akarudi kwenye meza yake chumba namba nne, akaufungia kwenye droo.